Baiskeli katika wilaya za Mbulu na Hanang

Baiskeli katika wilaya za Mbulu na Hanang ni chombo cha usafiri wa kila siku kwa wakulima, wafanyabiashara wadogo na wanafunzi wa wilaya hizo za Mkoa wa Manyara, kaskazini mwa Tanzania. Kwa kawaida waendesha baiskeli hutumia barabara moja na magari, pikipiki, watembea kwa miguu na mifugo. Kwa sababu hiyo, suala la kuwatengea njia yao linahusu usalama wao moja kwa moja.

Mazingira

Mji wa Mbulu uko kwenye nyanda za juu, karibu na ukingo wa Bonde la Ufa. Barabara za huko zina miinuko mingi. Wakati wa masika tope hujaa chini ya madigadi na kuzuia magurudumu yasizunguke. Katika safari moja mwendeshaji huweza kushuka mteremko amekaa, kisha akapanda akisukuma.

Katesh, makao makuu ya Wilaya ya Hanang, uko chini ya Mlima Hanang, kando ya barabara kuu ya lami kutoka Babati kwenda Singida. Sehemu za tambarare upande huo ni rahisi zaidi kwa baiskeli.

Matumizi

Baiskeli inayopendwa ni ile nzito yenye fremu ya chuma na keria imara nyuma. Hubeba gunia la mahindi, madumu ya maji, vitunguu saumu vya kupeleka sokoni, au abiria. Mafundi huziba pancha, hunyoosha ringi na kubadilisha spoku kwa vifaa vichache.

Tangu pikipiki zilipoenea, nyingi ya kazi hizo zimehamia kwa bodaboda. Jina hilo lenyewe lilitokana na baiskeli zilizokuwa zikivusha abiria kwenye mpaka wa Kenya na Uganda. Hata hivyo, baiskeli haihitaji petroli, na ndiyo maana imebaki kwa wenye kipato kidogo.

Lami na usalama

Lami hupunguza vumbi na tope, lakini huongeza mwendo wa magari. Sheria ya Tanzania inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Penye bega pana la barabara, yaani ukanda wa pembeni nje ya mstari wa magari, mwendeshaji hupata nafasi yake. Penye bega jembamba, lori likimpita hulazimika kuchagua kati ya kubaki kwenye lami na kuteremka kwenye changarawe, ambako mwenye mzigo huanguka kwa urahisi.

Maoni kuhusu njia za baiskeli

Wanaounga mkono njia maalumu husema kuwa zinawalinda hasa wanafunzi wanaotoka mbali, na kwamba wazazi huweza kuwaruhusu mabinti kuendesha wakiona njia ni salama. Wenye shaka husema fedha zitangulie kwenye madaraja na barabara za vijijini. Wengine huhofia kwamba njia hizo zitageuzwa maegesho au meza za biashara.

Hofu hiyo ina mfano wake. Jijini Dar es Salaam, mradi wa mabasi yaendayo haraka, ulioanza kutoa huduma mwaka 2016, ulijengewa pia njia za waenda kwa miguu na baiskeli katika Barabara ya Morogoro. Sehemu za njia hizo zimekuwa zikiingiliwa na pikipiki na wafanyabiashara. Mfano huo unaonyesha kuwa kuchora mstari hakutoshi bila usimamizi.

Kwa miji midogo kama Mbulu na Katesh, hatua nafuu ni kupanua mabega ya barabara yanapofanyiwa ukarabati, kuyaacha wazi, kuweka matuta karibu na shule, na kuwahimiza waendeshaji kufunga taa na viakisi mwanga.