Habari za Ugonjwa wa Mapango ya Uso

Wasikilizaji, hapa Usa River, chini ya Mlima Meru, udongo wetu umetokana na majivu ya volkano, na wakati wa kiangazi hugeuka vumbi jembamba. Hata ifikapo Juni na Julai, baridi hutukusanya karibu na moto na moshi wake. Ndipo wengi husema, "Kichwa chaniuma, uso ni mzito, pua imeziba," na wengine hudhani wamerogwa. Basi na tutazame jinsi ugonjwa huu ulivyopata kufahamika.

Mwaka 1651 daktari Mwingereza, Nathaniel Highmore, aliandika habari za mwanamke aliyeng'olewa jino la juu. Majimaji yakawa yakitoka penye pengo. Yule mama akatia unyoya wa ndege, nao ukazama sana, hata akaogopa kwamba umefika ubongoni. Highmore akamweleza kuwa ndani ya mfupa wa shavu mna pango, na kila mtu analo.

Mapango ya namna hiyo yako mashavuni, kati ya macho na juu ya nyusi. Milango yake ni midogo. Mafua yakiivimbisha, kamasi hukwama ndani, na pengine vijidudu huzaana humo. Vumbi, moshi na jino bovu la juu huzidisha hatari. Dalili zake ni kamasi nzito, kupotewa na harufu, na maumivu ya uso yanayozidi mtu ainamapo.

Wazee walijifukiza kwa majani. Mvuke huleta nafuu kidogo, lakini chungu cha maji ya moto huunguza watoto. Afadhali kuosha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Mwaka 1928 Alexander Fleming aligundua penisilini, nayo imeokoa wengi. Walakini haiui virusi vya mafua, na wagonjwa wengi hupona pasipo dawa hiyo. Basi usiinunue ovyo dukani.

Maumivu yakipita siku kumi, au yakipungua kisha yakarudi kwa nguvu, nenda zahanati. Jicho likivimba, macho yakiona kitu kimoja kuwa viwili, au shingo ikikakamaa, usingoje kesho: nenda hospitali siku ile ile. Nkoaranga, walikoanza kazi wamisionari wa Leipzig mwaka 1902, iko hospitali, wala si mbali nasi. Anayemtafuta mchawi hupoteza siku ambazo jicho la mtoto lingaliokolewa.