Waigizaji wa Kenya: Umaarufu wao na riziki yao

SOKO la Kenyatta jijini Nairobi linajulikana na wengi kwa mambo mawili: nyama choma na wasusi wa nywele. Ni nadra soko hilo kutajwa sanaa ya uigizaji inapozungumziwa. Hata hivyo, yeyote anayetaka kuyafahamu maisha ya waigizaji wa humu nchini anaweza kuanzia hapo.

Mwendo mfupi kutoka sokoni ipo Hospitali Kuu ya Kitaifa ya Kenyatta, ambako Benson Wanjau, aliyejulikana na taifa zima kama Mzee Ojwang', alifariki mnamo Julai 12, 2015. Upande wa magharibi kuna Kibra, mtaa ambao umekuwa mandhari ya filamu kadhaa zilizotazamwa kote duniani. Nazo barabara zinazoelekea katikati ya jiji humfikisha msafiri Harry Thuku, yaliko Jumba la Kitaifa la Michezo ya Kuigiza na Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC).

Maeneo hayo matatu yanaeleza safari ya waigizaji wengi. Huanzia jukwaani, hupata jina katika televisheni au filamu, na wanapougua au kuzeeka hujikuta wakitegemea michango ya wahisani. Jina hudumu, lakini malipo hukoma siku kipindi kinapokoma.

Mwanzo jukwaani

Jumba la Kitaifa la Michezo ya Kuigiza lilifunguliwa mwaka wa 1952, wakati wa ukoloni. Kwa miaka mingi lilitawaliwa na michezo iliyowalenga walowezi na Wazungu wengine. Hata baada ya uhuru, wasanii Waafrika walilazimika kupigania nafasi ya kulitumia.

Mnamo Oktoba 1976, mchezo wa The Trial of Dedan Kimathi, ulioandikwa na Ngugi wa Thiong'o na Micere Githae Mugo, uliigizwa katika jumba hilo. Mwaka uliofuata, Ngugi alishirikiana na Ngugi wa Mirii kuandaa mchezo wa Ngaahika Ndeenda katika kituo cha Kamiriithu, Limuru. Waigizaji hawakuwa wasomi wa chuo kikuu bali wakulima, vibarua na wafanyakazi wa viwandani waliocheza kwa lugha yao ya Gikuyu.

Serikali iliupiga marufuku mchezo huo baada ya wiki chache, na Ngugi akatiwa kizuizini mwishoni mwa Desemba 1977. Mwaka wa 1982 ukumbi wa wazi wa Kamiriithu ulibomolewa. Tangu hapo waigizaji walifahamu kwamba kazi yao ingeweza kuwatia mashakani hata kama hawakuandika neno lolote la mchezo. Ngaahika Ndeenda uliigizwa tena Nairobi mwaka wa 2022, miaka 45 baada ya kupigwa marufuku.

Aidha, kilikuwapo kikundi cha Phoenix Players, kilichoanzishwa katika miaka ya 1980 na James Falkland. Kikundi hicho kilikuza vipawa vingi na kuwazoesha vijana nidhamu ya jukwaa: kufika mazoezini kwa wakati, kuhifadhi maneno na kubadilisha mchezo kila baada ya wiki chache. Lupita Nyong'o alicheza nafasi ya Juliet katika jukwaa la Phoenix akiwa na umri wa miaka 14.

Enzi ya Sauti ya Kenya na KBC

Hadi mwaka wa 1990, kituo cha KTN kilipoanza kupeperusha matangazo, Wakenya walikuwa na stesheni moja tu ya televisheni, iliyoitwa Sauti ya Kenya na baadaye KBC. Kwa sababu hiyo, aliyeonekana katika kipindi cha vichekesho alitambulika nchi nzima kwa muda mfupi.

Vipindi vilivyovuma zaidi vilikuwa Vitimbi na Vioja Mahakamani. Vyote viliigizwa kwa Kiswahili, na kila mhusika alitambulishwa kwa lafudhi ya jamii fulani. Mzee Ojwang' ni mfano bora. Ingawa alizaliwa katika jamii ya Wakikuyu, aliigiza kwa lafudhi ya Kijaluo kwa ustadi uliowafanya watazamaji wengi kuamini kuwa alitoka ufuoni mwa Ziwa Victoria. Mkewe katika mchezo, Mama Kayai, aliigizwa na Mary Khavere. Kwa miongo kadhaa majina yao ya kisanii yalifahamika kuliko majina yao halisi.

Hata hivyo, umaarufu huo haukuandamana na mshahara. Waigizaji wengi wa vipindi hivyo hawakuwa waajiriwa wa kudumu wa shirika. Walilipwa kwa kila kipindi walichorekodi. Kipindi kiliporudiwa, mtazamaji alicheka upya lakini mwigizaji hakupata kitu.

Mwaka wa 2012 Mzee Ojwang' alikuwa karibu kupoteza uwezo wa kuona. Wahisani walichanga fedha na akafanyiwa upasuaji wa macho. Miaka mitatu baadaye alifariki akiwa na umri wa miaka 78, baada ya kulifanya taifa licheke kwa zaidi ya miaka 30.

Vituo vya kibinafsi

Soko la utangazaji lilipanuka katika miaka ya 2000. Citizen, NTV na KTN zilianza kushindania watazamaji kwa vipindi vya nyumbani, na kanuni za utangazaji za mwaka wa 2009 zikavitaka vituo vitenge asilimia 40 ya muda wao kwa vipindi vya humu nchini.

Ni wakati huo Charles Bukeko alipopata jina la Papa Shirandula, bawabu anayeificha familia yake kazi anayoifanya. Mchezo huo wa Citizen uliwapa umaarufu waigizaji wengine, wakiwemo Jacqueline Nyaminde, aliyeigiza kama Wilbroda, na Jacky Vike, aliyejulikana kama Awinja. Bukeko mwenyewe alitambulika hata nje ya mipaka ya Kenya kupitia tangazo la Coca-Cola lililoonyeshwa katika mataifa mengi ya Afrika. Alifariki Julai 2020 kutokana na ugonjwa wa Covid-19.

Ongezeko la vituo lilileta nafasi zaidi za kazi, lakini halikubadilisha mfumo wa malipo. Mwaka wa 2021 mmoja wa waigizaji waliovuma katika kipindi cha Tahidi High alijitokeza hadharani kuomba msaada, akieleza kuwa hakuwa na kazi wala uwezo wa kuikimu familia yake. Wananchi walimchangia, na hata nyumba akajengewa. Kisa hicho kilizua mjadala mkali: baadhi walimlaumu msanii kwa kutoweka akiba, huku wengine wakiulaumu mfumo usiompa cha kuweka.

Kibra na filamu

Filamu ya The Constant Gardener, iliyotolewa mwaka wa 2005, ilipigwa kwa sehemu kubwa humu nchini, Kibra ikiwa miongoni mwa maeneo yaliyotumiwa. Waigizaji wakuu walitoka Uingereza, lakini Wakenya kama John Sibi-Okumu walipewa nafasi za kutajika. Lupita Nyong'o alifanya kazi katika filamu hiyo pia, ila hakuonekana kwenye skrini. Alikuwa msaidizi katika kikosi cha utayarishaji.

Soul Boy, iliyoongozwa na Hawa Essuman na kutolewa mwaka wa 2010, ilitumia Kibra kwa namna tofauti. Watoto na vijana wa mtaa huo ndio waliokuwa wahusika wakuu. Mradi huo, uliodhaminiwa na mwelekezi Mjerumani Tom Tykwer, ulizaa mfululizo wa filamu zilizowahusisha Wakenya mbele na nyuma ya kamera: Nairobi Half Life mwaka wa 2012, Kati Kati mwaka wa 2016 na Supa Modo mwaka wa 2018.

Nairobi Half Life, iliyoongozwa na Tosh Gitonga, inahusu taaluma hii yenyewe. Mwas, kijana wa kijijini anayeuza kanda za filamu huku akiziigiza mbele ya wateja, anakuja jijini akitamani kuwa mwigizaji na kujikuta akiishi maisha mawili: mchana jukwaani, usiku katika genge la wahalifu. Joseph Wairimu, aliyeigiza kama Mwas, alituzwa kuwa mwigizaji bora katika Tamasha la Filamu la Kimataifa la Durban mwaka huo.

Mwaka wa 2019, Samantha Mugatsia alishinda tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la FESPACO nchini Burkina Faso kwa nafasi yake katika Rafiki. Filamu hiyo ilikuwa imepigwa marufuku nchini mwake mwaka wa 2018, kabla ya Mahakama Kuu kuruhusu ionyeshwe kwa siku saba pekee.

Waliovuka mipaka

Kabla ya enzi hizi, Wakenya kadhaa walikuwa wamejipatia nafasi katika filamu za kigeni. Joseph Olita, mzaliwa wa Siaya, aliigiza kama Idi Amin katika filamu ya mwaka wa 1981 iliyoongozwa na Sharad Patel, na sura yake ikalinganishwa na ya dikteta huyo hadi alipofariki mwaka wa 2014. Sidede Onyulo aliigiza kama mpishi Owuor katika Nowhere in Africa, filamu ya Kijerumani iliyoshinda Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni mwaka wa 2003. Naye Oliver Litondo, aliyewahi kuwa mwanahabari, aliigiza kama Kimani Maruge, mzee aliyejiunga na darasa la kwanza mwaka wa 2004, katika The First Grader ya mwaka wa 2010.

Kilele kilifikiwa Machi 2, 2014, Lupita Nyong'o aliposhinda Oscar ya mwigizaji bora msaidizi wa kike kwa filamu ya 12 Years a Slave. Alikuwa amehitimu kutoka Chuo Kikuu cha Yale miaka miwili tu awali. Mwingine ni Edi Gathegi, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1979 na kulelewa California, aliyeshiriki filamu za Twilight, X-Men: First Class na Superman ya mwaka wa 2025.

Ushindi huo uliwatia moyo vijana wengi. Hata hivyo, wote wawili walipata malezi ya kitaaluma katika nchi ambako vyama vya waigizaji huamua kiwango cha chini cha malipo. Ndiyo maana mafanikio yao hayawezi kuwa kipimo cha hali ya mwigizaji aliyebaki Nairobi.

Riziki ya kila siku

Mwigizaji wa kawaida nchini huunganisha kazi kadhaa ili apate kodi ya nyumba. Ya kwanza ni michezo ya vitabu teule. Vikundi vya waigizaji huzunguka shule za sekondari vikiigiza tamthilia zinazotahiniwa au zilizowahi kutahiniwa, kama vile Kifo Kisimani, Mstahiki Meya, Kigogo na Bembea ya Maisha. Kazi hiyo hutegemea kalenda ya masomo: shule zinapofungwa, mapato hukatika. Wakati wa janga la corona mwaka wa 2020, shule zilipofungwa kwa miezi mingi, chemchemi hiyo ilikauka kabisa.

Ya pili ni vipindi vya televisheni, ambavyo vinaweza kusitishwa bila notisi. Ya tatu ni matangazo ya biashara, kuingiza sauti na kuendesha sherehe. Wengine hufundisha uigizaji shuleni kuelekea tamasha za drama, ambako wasanii wengi walianzia wenyewe.

Kwingineko hali si hivyo. Nchini Ufini, waigizaji wana chama chao tangu mwaka wa 1913, na miji kadhaa ina kumbi zinazowaajiri baadhi ya waigizaji kwa mshahara wa kila mwezi. Waigizaji wengi wa Kenya hawana mpango kama huo.

Mikataba na mrabaha

Kiini cha tatizo kimo katika mkataba. Mkataba wa Roma wa mwaka wa 1961 uliwalinda watumbuizaji, lakini ulisema kuwa mwigizaji akishakubali kurekodiwa katika picha, ulinzi huo haumhusu tena kwa rekodi hiyo. Mwanamuziki aliachiwa mlango, mwigizaji akafungiwa.

Mkataba wa Beijing wa mwaka wa 2012, ulioanza kutekelezwa Aprili 2020, ulinuia kurekebisha kasoro hiyo. Humu nchini, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 inatambua haki za watumbuizaji, na chama cha PRISK kiliundwa ili kukusanya mrabaha kwa niaba ya wanamuziki na waigizaji. Hata hivyo, haki hizo humfaa kidogo msanii aliyetia sahihi mkataba unaomlipa mara moja na kumkabidhi mtayarishaji kila kitu, yakiwemo marudio na mauzo ya ng'ambo.

Suala la matibabu nalo halijatatuliwa. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, inamtaka asiye na mwajiri ajilipie asilimia 2.75 ya mapato ya familia yake. Kwa mtu anayelipwa leo na kukaa miezi mitatu bila kazi, mchango huo ni rahisi kukatika, na ugonjwa hausubiri msimu wa kurekodi.

Kwa hivyo, mwigizaji chipukizi anayepewa nafasi yake ya kwanza ana maswali manne ya kuuliza kabla ya kutia sahihi: atalipwa lini, kipindi kikirudiwa atapata nini, kikiuzwa kwingine mgao wake ni upi, na akiumia kazini nani atalipa hospitali. Mzee Ojwang' na wenzake walijenga taaluma hii bila kupata nafasi ya kuyauliza. Warithi wao wanayo sheria mkononi, lakini itawasaidia tu iwapo itaandikwa ndani ya mikataba yao.