Mapisi ya Babu na Kalenda ya Historia

Mtahiniwa akiulizwa maana ya mapisi, aghalabu hujibu kuwa ni masimulizi ya matukio ya kihistoria yaliyotendeka kweli. Jibu hilo ni sahihi, ila haliishii hapo. Utajuaje kwamba yalitendeka?

Mchukue babu yeyote wa ukoo aliyezaliwa humu nchini mwishoni mwa karne ya 19. Hana cheti cha kuzaliwa. Hata hivyo, tarehe zake zimo katika msamiati wa msimulizi. Ukiambiwa alilipwa kwa rupia, jua kwamba hayo ni ya kabla ya shilingi kuingia mwanzoni mwa miaka ya 1920. Ukiambiwa alining'iniza kipande shingoni, hayo ni ya baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Sheria yake ilipitishwa mwaka wa 1915, lakini utekelezaji ulianza 1919. Na akitajwa katika Kariakoo, yaani kikosi cha wapagazi, basi alikuwa vitani kati ya 1914 na 1918.

Hapa ndipo mhakiki anapohitajika. Tuseme msimulizi anadai kwamba babu huyo mmoja alijenga reli mwaka wa 1896 akiwa mtu mzima, kisha akatahiriwa na rika la 1918. Hayo hayapatani. Usikimbilie kumwita mwongo. Miongoni mwa Wakikuyu, kwa mfano, mjukuu hupewa jina la babu yake. Huenda watu wawili wenye jina moja wameunganishwa kuwa mmoja. Mapisi yanapoanza kumrundikia shujaa mmoja matendo ya vizazi viwili, yanaelekea kuwa kisakale. Andika hivyo katika jibu lako, na utoe ushahidi.

Kwa nini tujisumbue? Jijini Nairobi, kando ya Barabara ya Kenyatta, pana sanamu za mashujaa Waafrika wa vita hivyo, akiwemo mpagazi. Maandishi yaliyo hapo yanaahidi kwamba wana watalikumbuka jina la aliyekufa. Majina yenyewe hayakuchongwa. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Ahadi hiyo, basi, imebaki mikononi mwa wasimulizi, na mwako wewe unayekwenda nyanjani kuwasikiliza. Uliza jina kwanza. Mwaka utaupata katika maneno.