Barua za Kenyatta na McGregor Ross

Mawasiliano ya miaka ya mwisho ya 1920 na mwanzo wa 1930 baina ya Johnstone (baadaye Jomo) Kenyatta, katibu mkuu wa chama cha Kikuyu Central Association (KCA), na William McGregor Ross, mwandishi aliyeunga mkono kampeni yake ya ardhi jijini London. Kwa kawaida hutajwa katika historia ya Wakikuyu, lakini Kakamega, magharibi mwa Kenya, nayo imo ndani yake.

Mwandishi

Ross hakuwa mwanaharakati wa kukaa mezani. Alifika Kenya kama mhandisi wa reli, kisha akawa Mkurugenzi wa Kazi za Umma hadi mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kitabu chake, Kenya from Within (1927), kilianika jinsi ardhi na kodi zilivyopangwa kwa faida ya walowezi, na kiliuma kwa sababu mwandishi alikuwa amekaa katika Baraza la Kutunga Sheria lilelile alilolikosoa. Daktari Norman Leys, mwandishi wa Kenya (1924), alikuwa upande huohuo.

Barua ya Machi 1930

Kenyatta alifika London Machi 1929 akiwa na malalamiko ya KCA mkononi na fedha chache mfukoni. Ross alimfungulia milango, akamwelekeza namna ya kuzungumza na Wizara ya Makoloni. Januari 1930 Drummond Shiels, naibu waziri, alikubali kumwona.

Tarehe 26 Machi 1930 gazeti la The Times lilichapa barua ya Kenyatta yenye madai matano: usalama wa ardhi, elimu, kufutwa kwa kodi ya kibanda kwa wanawake, uwakilishi katika Baraza la Kutunga Sheria, na haki ya kushika mila njema. Ni barua ya upole kuliko inavyokumbukwa. Haidai uhuru. Nguvu yake imo katika mpangilio: dai la ardhi linatangulia mengine yote, na msomaji wa London hapati pa kulikwepa.

Dhahabu ya Kakamega

Mwaka 1931 dhahabu iligunduliwa Kakamega, na Wazungu waliofilisika na mahindi na kahawa wakamiminika huko, wakipiga mahema katika mashamba ya watu. Sheria ya Ardhi ya Wenyeji ya 1930 ilikuwa imeahidi kwamba kipande chochote kitakachochukuliwa katika hifadhi ya wenyeji kingelipwa kwa kipande kingine cha thamani sawa, baada ya baraza la wenyeji kuulizwa. Desemba 1932 ahadi hiyo ilivunjwa: marekebisho yaliruhusu ardhi ya madini ichukuliwe bila ardhi mbadala na bila baraza hilo kuulizwa. Fidia ikabaki fedha tu. Kwa Waluhya, wenyeji wa huko, ambao shamba lao lilikuwa na makaburi ya wazee, fedha haikuwa jibu.

Kilio kilivuka bahari upesi. Shemasi mkuu Walter Owen wa Kavirondo aliandikia magazeti ya Uingereza. Lord Lugard, ambaye hakuwa rafiki wa wapinzani wa ukoloni, alipinga pia. Kenyatta, ambaye alirudi London mwaka 1931, aliandika makala mwaka 1933 dhidi ya mbio hizo za dhahabu. Njia ya barua aliyoonyeshwa na akina Ross ndiyo sasa iliyobeba shauri la watu ambao si wa kabila lake. Huenda malalamiko ya Kakamega yalisikika kwa urahisi zaidi kwa sababu barua za ardhi zilikuwa zimekwisha kuwazoesha wahariri na wabunge neno Kenya. Marekebisho hayo, hata hivyo, hayakufutwa.

Wenyeji wa Kavirondo Kaskazini, wilaya iliyokuwa na Kakamega, nao walikuja kuunda chama chao, North Kavirondo Central Association, katika muongo huohuo.

Hali ya sasa

Mgodi mkubwa wa Rosterman, kando ya mji wa Kakamega, ulifungwa mapema miaka ya 1950. Wachimbaji wadogo bado wanashuka mashimoni, wakipandisha mawe, wakiyasaga, wakiosha unga kwenye karai na kuukamata kwa zebaki, mara nyingi kwa mikono mitupu.