Seattle majira ya baridi: Safari ya watafiti wa Ukimwi

KONGAMANO la Virusi vya Retro na Maradhi Nyemelezi, maarufu kwa kifupisho CROI, ni miongoni mwa mikutano mikuu ya kisayansi kuhusu Ukimwi duniani. Lilianza 1993 na kwa kawaida hufanyika Februari au Machi, wakati baridi ingali haijaondoka Amerika Kaskazini. Seattle, jiji la bandari kaskazini-magharibi mwa Marekani, limekuwa mwenyeji mara kadhaa, zikiwemo 2012, 2017, 2019 na 2023.

Mkutano wa Machi 2012 una uzito wa pekee kwa Wakenya. Hapo yaliwasilishwa matokeo ya kina ya utafiti wa Partners PrEP, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Washington, kilichoko Seattle, lakini ukafanyika Kenya na Uganda. Ulifuatilia jozi 4,747 za wenzi, mmoja akiwa na virusi na mwingine hana, baadhi yao kutoka Thika, Kisumu, Eldoret na Nairobi. Ilibainika kuwa kumeza tembe kila siku kulipunguza hatari ya maambukizi kwa asilimia 67 au 75, kutegemea aina ya dawa.

Kikwazo cha kwanza cha msafiri si baridi bali viza. Hadi Januari 4, 2010, sheria ya Marekani iliwazuia wageni wenye virusi vya Ukimwi kuingia nchini humo, hata waliokuwa wataalamu wa maradhi hayo. Marufuku hayo yameondolewa, lakini mtafiti wa Kenya bado huhitaji viza na mahojiano katika ubalozi ulioko Gigiri. Yafaa aombe barua ya mwaliko mara tu ikisiri yake inapokubaliwa.

Kuhusu hali ya hewa, Seattle haina baridi kali kama Boston au Chicago. Mwezi Februari joto la mchana hukaribia nyuzi 10, na usiku hushuka hadi nyuzi 3 hivi. Adha kubwa ni mvua ya rasharasha, ingawa theluji nyingi ilianguka Februari 2019. Koti lisilopenyeza maji ni la lazima.

Aidha, Seattle iko nyuma ya Nairobi kwa saa 11 majira hayo: saa tatu asubuhi huko ni saa mbili usiku hapa. Atakayewasilisha utafiti yafaa awasili siku mbili mapema. Treni ya umeme humfikisha katikati ya jiji kutoka uwanja wa ndege.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tembe zilizojadiliwa Seattle ziliidhinishwa na Marekani kwa kinga hiyo Julai 2012. Kenya, ambako wananchi walijitolea kuzijaribu, ilianza kuzisambaza kitaifa Mei 2017, takriban miaka mitano baadaye.