Debe la AGIP mjini Roma

Nilianza kuwatafuta hawa watu kwa sababu ya debe. Nilisoma mahali kwamba mwaka 1967 Mmarekani mmoja kijana, Alvin Curran, alifunga mbira juu ya debe la lita 10 la mafuta ya injini ya AGIP, akabandika maikrofoni, akaanza kupiga. AGIP ile ile iliyokuwa na vituo vya petroli huku kwetu. Nikasema ngoja kwanza, mbira imefikaje Roma?

Kikundi chake kiliitwa Musica Elettronica Viva, yaani muziki hai wa elektroniki. Kilianzishwa Roma mwaka 1966, na wengi wao walikuwa Wamarekani waliosomea utunzi. Curran na Richard Teitelbaum walitoka Yale, Frederic Rzewski alipita Harvard na Princeton. Enzi hizo muziki wa elektroniki ulikuwa kazi ya kujifungia studio: mtu anakata tepu kwa wembe na kuziunga, halafu wasikilizaji wanakaa kimya kuitazama spika. Hawa walitaka upigwe papo hapo, jasho likitoka.

Vifaa vyao vilikuwa vya kuungaunga. Rzewski alichukua kioo na springi, akabandika maikrofoni, akawa anavikwangua. Allan Bryant alijiundia sintesaiza kwa vipuri vya kinanda cha umeme. Ivan Vandor alipuliza saksafoni, Carol Plantamura aliimba. Teitelbaum ndiye aliyekuja na Moog, inayosemekana kuwa ya kwanza Ulaya, na akafika mahali pa kuiendesha kwa mawimbi ya ubongo wake mwenyewe.

Nikasikiliza Spacecraft, waliyoirekodi Berlin mwaka huo wa 1967. Kusema kweli, mara ya kwanza nilisikia kelele tu. Mara ya tatu ndipo nikaelewa kinachonitatiza: sijui nani anapiga nini. Sauti zote zinapita kwenye umeme na kutokea kwenye spika zile zile, hata wao wenyewe walikuwa wakipotezana. Fikiria ni watu waliosoma miaka mingi ili waweke jina juu ya kazi zao.

Masikio yangu mimi yalilelewa na kanda za Hukwe Zawose. Ilimba ya Wagogo ina vitundu vinavyozibwa kwa utando wa buibui, ili sauti itoke na mvumo. Mvumo ule hutafutwa makusudi, si kasoro. Methali yetu inalisema vibaya debe tupu kwa kuvuma, lakini Curran alilitaka kwa sababu hiyo hiyo. Ndiyo maana huwa nakereka kidogo: katika maelezo niliyosoma, Moog inapewa aya nzima, mbira inapewa nusu mstari, kana kwamba upya wote ulikuwa kwenye nyaya.

Mwaka 1969 wakaja na Sound Pool. Msikilizaji alete ala yake, aingie, apige. Jamani, yeyote aliyewahi kukaa kwenye ngoma anajua hatari yake. Ngoma yetu iko wazi kwa wote, lakini ina anayeongoza na ina kiitikio. Ukifungua mlango bila utaratibu, mwenye tarumbeta anammeza mwenye filimbi. Rzewski aliliona hilo. Katika maelekezo yake, fundi hodari anaambiwa kazi yake kubwa iwe kusindikiza, amsaidie asiyejua sana asikike vizuri zaidi. Hapo nilisimama nikasoma tena. Ni sharti dogo, lakini linamdai mtu wa Harvard anyamaze.

Teitelbaum alifariki mwaka 2020, Rzewski mwaka uliofuata. Jana usiku nilivaa hedifoni nikaitafuta ile mbira ndani ya Spacecraft. Nikaipata, nikaanza kuifuata kwa kidole mezani. Kumbe ni kioo.