Agoni: Mashindano au Mgogoro?

Katika uhakiki wa tamthilia, neno la Kigiriki agon ni rahisi kulifasiri kuwa mgogoro. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba fasiri hiyo hulipunguzia neno maana yake ya msingi.

Agon linahusiana na kitenzi agein, yaani kuongoza au kupeleka. Katika tenzi za Homer, agon ni mkusanyiko, hata mkusanyiko wa merikebu, na pia ni uwanja wa michezo. Baadaye likawa mashindano yenyewe. Katika Athens ya karne ya 5 K.K. liliitwa pia shauri la mahakamani. Wahakiki nao hulitumia kwa sehemu ya komedia za Aristophanes ambamo wahusika wawili hubishana kwa zamu. Katika matumizi haya ya mashindano, hadhira haikosekani.

Kiswahili kimepita njia nyingine. Mashindano yametokana na -shinda na kiambishi -an- cha kutendana. Kigiriki kilianza na watu waliokusanyika. Kiswahili kimeanza na wawili wanaokabiliana. Hakuna mshindani bila mwenzake.

Mwanafunzi wa Kaniha, wilayani Biharamulo, hana haja ya kwenda Athens kutafuta mfano. Katika mkoa wake wa Kagera, Wahaya wana ebyebugo, ambazo M. M. Mulokozi ameziweka katika utanzu wa majigambo. Humo shujaa alitangaza matendo yake mbele ya mtawala. Haikuwa lazima awepo wa kumjibu, lakini ilikuwa lazima wawepo wa kumpima. Pwani, mwanzoni mwa karne ya 19, wakati wa uhasama uliozaa Vita vya Shela, Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walikabiliana kwa mashairi. Miji ilihasimiana, lakini washairi walitumia sanaa moja, na wasikilizaji waliijua.

Mgogoro waweza kuwapo bila kanuni, bila hadhira, na usiwe na mwisho. Agoni ina vyote vitatu. Anayeyasoma malumbano kama mgogoro tu huuona uadui, asiuone ufundi ambao wahasimu wanashirikiana. Kwa hiyo inafaa mgogoro ubaki istilahi ya msuko, na agoni ifasiriwe mashindano. Pale silaha inapokuwa maneno, iitwe malumbano.